Fangasi wa Kucha: Mwongozo Kamili wa Matibabu, Kuanzia Kipimo Mpaka Ukucha Mpya Uote

Nianze na kitu ambacho ningekijua mapema kingeniokolea miaka minne. Dawa ya fangasi haisafishi ukucha ulioharibika. Ukucha ule unaouona ni kitu kilichokufa tayari, hauna damu, haujirekebishi, ukishaharibika ndo basi mpaka usukumwe mbele na ukatwe. Kazi ya dawa ni kuua fangasi waliojificha na kulinda ukucha mpya unaochomoza kule kwenye shina ili nao usiliwe. Mimi sikulijua hilo. Nilikuwa napaka krimu wiki mbili, naangalia kidole gumba cha mguu naona bado ni njano na kinene vile vile, nasema hii dawa haifai, naacha, nanunua nyingine, na kila duka la dawa nililoingia waliniuzia kitu bila hata kuniambia vua kiatu tuone. Miaka minne ikaisha hivyo na fangasi wakatoka ukucha mmoja wakaenda mitatu.

Kwa hiyo huu mwongozo nauandika kwa mpangilio ambao mtu anatakiwa kuufuata, na nitakaa sana kwenye kipimo na kwenye vidonge maana huko ndiko watu wanapoumia, ama kwa kupoteza muda ama kwa kumeza dawa kali bila sababu.

Hatua ya 1: Jua kwanza kama ni fangasi kweli

Karibu nusu ya kucha zinazoonekana mbaya sio fangasi kabisa. Soma tena hapo. Yaani ukikusanya watu wenye kucha nene, za njano, zinazomeguka, takriban nusu yao tatizo lao ni kitu kingine na hata wameze dawa ya fangasi mwaka mzima hawatapona.

Hicho kitu kingine kinaweza kuwa soriasisi ya kucha, yaani ugonjwa wa ngozi wa magamba ulioingia kwenye kucha, mara nyingi inaleta vishimo vidogo vidogo juu ya ukucha kama umechomwa na sindano, na mtu anaweza kuwa na mabaka ya magamba kwenye viwiko, magoti au kichwani. Inaweza kuwa kiatu kinachobana au michezo ya kukimbia, kidole kinagonga mbele ya kiatu kila siku mpaka ukucha unainuka na kunenepa. Wazee kucha zinanenepa zenyewe tu kwa umri. Rangi za kucha nazo zikipakwa mfululizo zinaacha njano.

Kuna moja nataka uishike kuliko zote: ukiona mstari mweusi au wa kahawia kwenye ukucha mmoja tu, umeanza hivi karibuni, unapanuka, au weusi umemwagikia mpaka kwenye ngozi ya pembeni, hapo usipake chochote, nenda kwa daktari wa ngozi haraka. Wenye ngozi nyeusi wengi tuna mistari ya kawaida kwenye kucha kadhaa na haina shida, lakini ule mmoja unaobadilika unaweza kuwa kansa ya ngozi chini ya ukucha, na watu wamepoteza muda wa thamani wakiutibu kama fangasi.

Fangasi wenyewe kwa kawaida wanaanzia kwenye ncha au pembeni ya ukucha, panakuwa njano au nyeupe, ukucha unaachana na nyama, chini yake kunajaa unga unga mgumu, halafu taratibu wanatambaa kurudi nyuma kuelekea shinani. Mara nyingi mtu ana fangasi wa miguu pia, ngozi kati ya vidole inababuka au nyayo zina magamba makavu. Ukiwa navyo vyote viwili, uwezekano wa kuwa fangasi unapanda. Ila bado sio uhakika.

Hatua ya 2: Pima, na toa sampuli isiyopotea bure

Najua wengi wanaruka hapa kwa sababu ukucha "unaonekana tu". Ukishapanga kumeza vidonge miezi mitatu, kipimo ni lazima, usikubali kuandikiwa kwa kuangaliwa tu.

Vipimo viko vya aina kama nne. Cha kawaida ni kuangalia unga wa ukucha kwenye hadubini baada ya kuulainisha kwa dawa ya potasiamu, majibu yanaweza kutoka siku hiyo hiyo, kinakuambia fangasi wapo lakini hakikuambii ni aina gani. Cha pili ni kuotesha, maabara wanaweka sampuli kwenye chakula cha fangasi wanasubiri waote, kinachukua wiki kadhaa, mara nyingi 2 mpaka 4, ila kinataja aina. Cha tatu kipande cha ukucha kinakatwa kinapakwa rangi maalumu na kuangaliwa na mtaalamu wa patholojia, hiki ni kizuri sana kukamata fangasi waliokosekana kwenye vile viwili. Cha nne ni PCR, kinatafuta vinasaba vya fangasi, kina haraka kuliko kuotesha lakini sio kila maabara inacho.

Majibu hasi hayamaanishi moja kwa moja kwamba huna. Kuotesha hasa kunakosea mara nyingi kwa sababu sampuli ilichukuliwa vibaya. Kwa hiyo fanya hivi: acha krimu na dawa zote za kupaka za fangasi wiki 2 mpaka 4 kabla, na kama ulikuwa unameza vidonge mwambie daktari lini ulimaliza maana hapo inabidi kusubiri zaidi. Siku ya kwenda usiwe na rangi ya kucha, osha mguu ukauke. Na ukifika, ile ncha iliyokufa mbele kabisa haina faida kubwa, fangasi walio hai wako kule nyuma ambapo sehemu mbovu inakutana na sehemu nzima, kwa hiyo aliyekutoa sampuli akikata kancha tu ka mbele mwambie kwa upole akwangue unga wa chini ya ukucha, ndani zaidi, na atoe wa kutosha. Mimi kipimo cha kwanza kilitoka hasi kwa sababu hiyo hiyo, cha pili kikatoka chanya wiki chache baadaye, ukucha ule ule.

Kwa nini aina ina umuhimu? Wengi wanaosumbua kucha za miguu ni kundi la dermatofaiti, kinara wao anaitwa Trichophyton rubrum, na hao wanasikia vizuri kidonge kinachoitwa terbinafini. Kandida, kundi lingine la fangasi, ambao wanapenda kucha za mikono hasa kwa watu ambao mikono iko kwenye maji siku nzima, wanasikia vizuri zaidi vidonge vya itrakonazoli au flukonazoli. Halafu kuna ukungu wa aina nyingine, kama Scopulariopsis na Fusarium, ambao ni wabishi na saa ingine vidonge peke yake haviwatoi. Ukijua aina humezi dawa isiyowahusu.

Hatua ya 3: Angalia wamefika wapi

Dawa inachaguliwa kwa kuangalia wamekula kiasi gani na wamefika wapi, jina la dawa linakuja baadaye. Kaa kwenye mwanga, angalia kila ukucha, jiulize haya: wamekula chini ya nusu au zaidi ya nusu? Wamefika kwenye shina, kule kwenye kale kamwezi keupe? Ukucha umenenepa zaidi ya milimita 2? Kuna mstari mnene wa njano au mweupe unaochomoka kama mkuki kutoka mbele kwenda nyuma? Ni kucha ngapi?

Kama ni ukucha mmoja mpaka mitatu, wamekula chini ya nusu, shina ni zima na ukucha sio mnene, dawa ya kupaka peke yake inaweza kutosha. Kama ni weupe wa juu juu tu unaokwanguka kama chokaa, huo ndo rahisi kuliko yote, unakwangua unapaka. Wakishafika shinani, au kucha ni nyingi, au nene, dawa ya kupaka peke yake utajichosha, hapo ni vidonge. Na ule mkuki wa njano ni fangasi wamejikusanya kama bonge, dawa haipenyi kirahisi hata ukimeza, lazima lile bonge lifunguliwe na kukwanguliwa.

Kuna muonekano mmoja wa pekee, fangasi wanaanzia shinani badala ya ncha, panakuwa peupe kule nyuma karibu na ngozi. Huo sio wa kawaida na unaweza kuwa dalili kwamba kinga ya mwili imeshuka, kwa hiyo ukiuona kapime na VVU bila kuogopa, utakuwa umejisaidia zaidi ya ukucha.

Hatua ya 4: Vidonge, hapa tukae

Terbinafini ndo chaguo la kwanza kwa watu wazima wengi. Dozi ni miligramu 250 mara moja kwa siku, wiki 6 kwa kucha za mikono, wiki 12 kwa kucha za miguu. Unaweza kumeza na chakula au bila. Katika majaribio yaliyotumika kuisajili Marekani, kwa kucha za miguu fangasi waliisha kwenye vipimo kwa kama asilimia 70 ya watu, lakini waliopona kwa vyote viwili, yaani kipimo safi na ukucha safi kabisa kwa macho, walikuwa asilimia 38 walipoangaliwa wiki ya 48. Natoa namba hizi makusudi, kwa sababu mtu akiambiwa "hii dawa inaponya" halafu ukucha wake ukabaki na kasoro kidogo anadhani ametapeliwa. Saa ingine fangasi wamekufa ila ukucha ulishapinda miaka na haurudi kama zamani.

Ukimaliza wiki 12 ukucha bado utaonekana mbaya na hiyo ni kawaida, narudia ni kawaida, dawa inabaki ndani ya ukucha miezi kadhaa baada ya kuacha na inaendelea na kazi. Watu wengi hapo wanaenda kununua dozi ya pili wenyewe. Usifanye hivyo, ini lako halina sababu ya kubeba hiyo.

Kuhusu ini tuseme ukweli wote. Madhara makubwa ya ini kwa terbinafini ni nadra, lakini yapo na yamewahi kufika pabaya, ndo maana unapimwa ini kabla ya kuanza, na mwenye ugonjwa wa ini haitakiwi kabisa. Madaktari wengine wanarudia kipimo katikati ya dozi, wengine wanarudia kwa mwenye hatari tu kama mzee au anayetumia dawa nyingine, muulize wako mapema. Wewe kazi yako ni kujua dalili: kichefuchefu kisichoisha, kukosa hamu ya kula, uchovu usioelezeka, maumivu upande wa kulia juu ya tumbo, mkojo mweusi kama chai, choo cheupe, macho ya njano, mwili kuwasha. Ukiona hizo acha kidonge siku hiyo hiyo na nenda hospitali, usisubiri kidonge cha kesho.

Kingine ni ladha. Kuna watu wanapoteza ladha ya chakula au kunusa, mara nyingi inarudi wiki au miezi baada ya kuacha lakini kwa wachache imekaa zaidi ya mwaka au haikurudi. Kwa hiyo chakula kikianza kukosa ladha ghafla usivumilie eti umalize dozi, wasiliana na daktari. Vipele vinavyosambaa, homa, vidonda mdomoni, hizo nazo ni za kuacha na kukimbilia matibabu. Mwenye lupasi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia mwili wenyewe, inaweza kuamshwa. Mwenye figo zilizopungua nguvu sana haishauriwi. Na inagombana na baadhi ya dawa za sonona, za moyo na presha za kundi la beta bloka, na tamoksifeni ya kansa ya matiti, kwa hiyo beba dawa zako zote ukienda, au zipige picha.

Itrakonazoli ni ya pili, na kwa kandida ndo inatangulia. Kuna namna mbili za kuimeza. Moja ni miligramu 200 kila siku wiki 12. Nyingine ni ya mapigo: miligramu 200 asubuhi na 200 jioni kwa wiki moja, kisha wiki tatu unapumzika, halafu unarudia. Kucha za mikono mapigo mawili, miguu matatu. Wengi wanapenda hii ya mapigo maana dawa unayomeza kwa jumla ni chache. Vidonge vyake vya kapsuli lazima vimezwe na chakula, kamili sio kula kidogo tu, na vinahitaji asidi ya tumbo ili viingie, kwa hiyo kama unatumia omeprazo au dawa za kutuliza kiungulia sema, la sivyo utakuwa unameza dawa inayopita tu.

Mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, au aliyewahi kuambiwa hivyo, haruhusiwi itrakonazoli kwa ajili ya kucha. Ukianza kuvimba miguu, kukosa pumzi ukilala, kunenepa ghafla, acha na nenda hospitali. Inagombana na dawa nyingi kuliko terbinafini, mfano simvastatini na lovastatini za kolesteroli haziendi nayo kabisa, na baadhi ya dawa za usingizi na za kipandauso.

Flukonazoli inatumika pale hizo mbili zimeshindikana. Faida yake ni mara moja kwa wiki, miligramu 150 mpaka 300, lakini muda ni mrefu, miezi 3 mpaka 6 mikono na 6 mpaka 12 miguu, na nguvu yake kwenye kucha ni ndogo kuliko terbinafini. Usahaulifu ndo adui hapa, chagua siku moja ya wiki, weka alamu kwenye simu.

Griseofulvini ni ya zamani, ilipatikana kwenye ukungu mwaka 1939, na bado inaandikwa sehemu nyingi. Kwa kucha za miguu unaweza kumeza mwaka au mwaka na nusu na matokeo bado ni madogo, kwa hiyo kama terbinafini ipo na unaruhusiwa, sioni sababu. Wanaume wanaoitumia wasitungishe mimba mpaka miezi 6 ipite baada ya kumaliza, hilo wengi hawaambiwi.

Na ketokonazoli ya vidonge? Kwa kucha, hapana. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zilitoa maamuzi makali juu yake kwa sababu ya ini, haitakiwi kutumika kwa fangasi wa ngozi na kucha. Krimu na shampuu zake ni mambo mengine, hazina shida hiyo. Ukiuziwa vidonge vyake kwa ajili ya ukucha, rudisha.

Hatua ya 5: Dawa za kupaka

Ukucha ni ukuta mgumu, krimu za kawaida za fangasi wa ngozi hazipiti, ndo maana miaka yangu yote minne ilienda bure. Za kucha zimetengenezwa kupenya. Amorolfini ya asilimia 5 inapakwa mara moja au mbili kwa wiki, miezi 6 mikono na miezi 9 mpaka 12 miguu. Siklopiroksi ya asilimia 8 inapakwa kila siku mpaka wiki 48, na mara moja kwa wiki unafuta tabaka lote kwa spiriti unaanza upya. Efinakonazoli ya asilimia 10 na tavaboroli ya asilimia 5 zilipitishwa Marekani mwaka 2014, zinapakwa kila siku wiki 48.

Kupona kabisa kwa kupaka peke yake ni kugumu. Kwenye majaribio ya kusajili, siklopiroksi ilikuwa kama asilimia 5.5 mpaka 8.5, tavaboroli 6.5 mpaka 9, efinakonazoli 15 mpaka 18. Ndogo, ndio. Lakini hazigusi ini, na kwa ukucha ulioliwa kidogo au mtu asiyeruhusiwa vidonge ni msaada wa kweli, pia ukiziunganisha na vidonge matokeo yanaongezeka.

Namna ya kupaka inaamua nusu ya kazi. Kata sehemu iliyoinuka, saga juu ya ukucha kwa tupa ya kucha mpaka upungue unene, futa kwa spiriti, subiri ukauke, paka ukucha mzima na ncha na chini ya ncha kama dawa yako ni ya namna hiyo, acha ikauke kabla ya soksi. Tupa uliyosagia ukucha mgonjwa usiguse nayo ukucha mzima. Hiyo ndo inayosambaza ndani ya mguu mmoja, na mimi nina hakika ndo ilinisambazia.

Hatua ya 6: Kupunguza, yurea, na kung'oa

Kupunguza unene wa ukucha kunasaidia kila tiba, tena kunaondoa maumivu ya kubanwa na kiatu papo hapo. Ukucha mnene loweka kwenye maji ya vuguvugu dakika 10 au 15, kausha, kisha kata kidogo kidogo. Mwenye kisukari au ganzi miguuni au damu isiyofika vizuri asijikate mwenyewe, jeraha dogo kwake linaweza kuwa kidonda kinachokaa miezi, amwachie muuguzi au mtaalamu wa miguu.

Yurea ya asilimia 40 ni mafuta mazito yanayoyeyusha ukucha mbovu bila kuumiza. Unakinga ngozi ya pembeni kwa vaselini au plasta, unapaka kwenye ukucha, unafunika kwa plasta isiyopitisha maji, na baada ya siku kadhaa mpaka wiki moja au mbili ukucha unakuwa laini unakwanguka. Kwa ule mkuki wa njano niliousema hii ni msaada mkubwa. Nyama mpya ikionekana imechubuka simamisha.

Kung'oa ukucha kwa ganzi kunafanyika pale unauma sana au umekataa kila kitu, lakini kung'oa peke yake bila dawa mara nyingi ukucha mpya unaota na fangasi wale wale. Daktari akikuambia ung'oe, muulize na dawa gani itafuata.

Leza, yaani kuchoma fangasi kwa mwanga wa mashine, nitaipitia haraka. Vifaa vyake Marekani vimeruhusiwa kwa maelezo ya kuongeza kwa muda sehemu safi ya ukucha, sio kuponya fangasi. Hainishawishi mtu atumie pesa nyingi huko kabla hajajaribu dawa zenye ushahidi.

Za nyumbani, siki, mafuta ya mti wa chai, mafuta ya kuchua kifua ya mentoli, ushahidi wake ni mdogo, hazitakuua ila zitakula muda wako. Blichi ya kufulia na asidi za betri hapana kabisa, zinaunguza nyama, na kidole kilichoungua ndo mlango wa bakteria.

Nani asubiri au apite njia nyingine

Mama mjamzito asubiri, vidonge vya fangasi wa kucha havina haraka ya kuhatarisha mtoto, anyonyeshaye naye aongee na daktari kwanza. Mtoto anatibika vizuri maana kucha zake ni nyembamba na zinakua haraka, ila dozi ni kwa uzito, usimkatie kidonge chako katikati. Anayetumia rifampisini ya TB ajue inashusha sana nguvu ya terbinafini na itrakonazoli, kwa hiyo mara nyingi ni busara kumaliza TB kwanza. Anayetumia ARV aonyeshe orodha yake, baadhi zinapandisha itrakonazoli mpaka kiwango cha hatari na nyingine zinaishusha.

Na mwenye kisukari asiambiwe kwamba hili ni suala la urembo. Ukucha mnene unakandamiza na kuchana ngozi, bakteria wanaingia, mguu unavimba. Kwake kutibu ni kuulinda mguu wenyewe.

Hatua ya 7: Fuatilia shinani, sio kwenye ncha

Hapa ndo nilipobadilika kabisa. Siku ya kwanza ya dawa chukua tupa, chora kamstari kadogo juu ya ukucha pale hasa sehemu mbovu inapoishia na nzima inapoanzia. Piga picha, mwanga ule ule, kila mwezi tarehe ile ile. Ukucha wa mguu unakua kama milimita 1 mpaka 2 kwa mwezi, wa mkono kama milimita 3, kwa hiyo wa mkono unahitaji karibu miezi 6 kubadilika wote na kidole gumba cha mguu miezi 12 mpaka 18. Kamstari kako kakisogea mbele na nyuma yake pakawa safi, dawa inafanya kazi hata kama mbele bado ni mbaya kiasi gani. Sehemu mbovu ikivuka kamstari na kurudi nyuma, haifanyi kazi. Mwezi wa tatu utakuwa na jibu, na huhitaji kubahatisha kama nilivyokuwa nabahatisha mimi.

Ikishindikana usiongeze dozi kichwani kwako. Rudi na picha zako. Daktari ataangalia: je ulimeza zote kweli, je kipimo kilitaja fangasi sahihi, je kuna lile bonge, je ni soriasisi pamoja na fangasi, maana vinaweza kukaa ukucha mmoja. Siku hizi wapo pia Trichophyton waliobadilika wasiisikie terbinafini, kwa hiyo kurudia kuotesha na kubadili dawa ni bora kuliko kurudia ile ile mara ya tatu.

Hatua ya 8: Baada ya kupona

Wanarudi, na kwa watu wengi tu, hata robo au zaidi kutegemea nani kahesabu. Chanzo mara nyingi ni ngozi ya miguu na viatu. Tibu fangasi wa kati ya vidole wakati ule ule unaotibu kucha, klotrimazoli kama wiki 4 au terbinafini ya krimu wiki 1 mpaka 2, na uwatibu na wa nyumbani wenye dalili hizo maana bafu ni moja. Viatu vya zamani vilivyovaliwa miaka yote ya ugonjwa ukiweza viache, usipoweza viweke poda ya fangasi na uvianike, vaa jozi mbili kwa kupokezana ili kila moja ikauke kabisa. Soksi fua kwa maji ya nyuzi 60, ya vuguvugu hayawaui. Bafu za pamoja na mabwawa vaa ndala. Nelikata yako iwe yako peke yako.

Watu waliowahi kurudiwa baadhi wanaendelea kupaka amorolfini mara moja kila wiki 2, au krimu ya fangasi miguuni mara mbili kwa wiki, mimi niko kwenye hilo la pili. Na ukiona kadoa keupe au ka njano kanaanza tena pembeni, kabla hujapaka kitu chochote kata hako kapande na unga wake wa chini, kaweke kwenye karatasi kavu safi, andika tarehe na ni kidole gani, upeleke maabara.